Mwembe wa Marehemu

Kamati yetu ya msikiti hapa Kasekese inakusudia kuukata mwembe wa uani ili pajengwe vibanda vya kupangisha. Hoja hiyo ina uzito, kwani paa linavuja. Lakini tangu Katavi iwe mkoa, mwaka 2012, viwanja na matanuri ya mkaa vimezidi kuimeza miombo (na mkaa huo twaununua sisi).

Msitu wa Karura, jijini Nairobi, haukusalimika wenyewe: mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea.

Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa anachokula ndege katika mti alioupanda Muislamu huandikwa sadaka. Aliyeupanda mwembe huu ni marehemu. Tukiukata, tunamkatia yeye. Ijumaa tutapiga kura, katibu atapinga.