Ghala Si Kiwanda

Tangazo la kuuza ghala lenye ofisi ni jambo la kawaida katika magazeti yetu. Dalali hutaja ukubwa wa jengo, kimo cha paa, upana wa lango la malori na ukaribu wake na Barabara ya Mombasa. Wengi wetu huufunua ukurasa huo bila kuusoma. Hata hivyo, mwalimu na mwanafunzi wanaotaka kuelewa uchumi wa Kenya hawana budi kuusoma, na kujiuliza jengo hilo lilikuwa na kazi gani kabla ya kuitwa ghala.

Baadhi ya majengo hayo yalikuwa viwanda. Kampuni ya Sameer Africa, iliyoanzishwa mwaka 1969 kwa jina la Firestone East Africa, ilikuwa ikiunda matairi jijini Nairobi. Mwaka 2016 kiwanda hicho kilifungwa baada ya kuzidiwa na matairi ya bei nafuu kutoka ng'ambo. Kampuni ikageuka kuwa mwagizaji wa matairi, na kukodisha majengo kukawa nguzo ya mapato yake. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2014, kiwanda cha Cadbury cha Nairobi pia kilikuwa kimefungwa. Bidhaa zake hazikutoweka madukani. Kilichotoweka ni kazi ya kuzitengeneza.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kiwanda huhitaji fundi wa mitambo, mkemia, mtaalamu wa umeme na mamia ya wafanyakazi wanaojifunza ufundi kwa kuufanya. Ghala huhitaji karani, mlinzi, dereva na vibarua wachache. Kijana anayeondoka Kangemi alfajiri, akazipita ofisi za vioo za Westlands na kuvuka katikati ya jiji kwa miguu ili aokoe nauli, hufika Eneo la Viwanda na kuuliza swali moja tu: leo kuna lori la kupakua?

Wapo watakaosema kwamba ghala halina kosa. Ni kweli. Nchi ambayo mahindi ya wakulima wake huoza kwa kukosa hifadhi haiwezi kuyadharau maghala. Wala si haki kumlaumu mwenye jengo. Umeme ni ghali, kodi ni nyingi, na mitambo huchakaa. Mpangaji naye hulipa kila mwezi. Mtu mwenye busara huchagua faida iliyo na usingizi.

Lawama ni ya sera inayofanya kuhifadhi bidhaa za wengine kuwe na faida kuliko kutengeneza zetu. Mwaka 2017 serikali iliahidi kwamba kufikia 2022 viwanda vingechangia asilimia 15 ya pato la taifa. Mwaka 2023 mchango huo ulikuwa chini ya asilimia 8. Ahadi bila umeme wa bei nafuu, mikopo ya muda mrefu na ulinzi wa haki dhidi ya bidhaa duni za kigeni ni sawa na kutwanga maji kwenye kinu.

Tukumbuke historia. Reli kutoka Mombasa ilipofika hapa mwaka 1899, Nairobi ilianza kama kambi na bohari ya vifaa vya reli. Bidhaa zilipita, faida ikaenda kwingine. Baada ya uhuru tulijitahidi kuufanya mji huu kuwa mahali pa kuunda vitu. Itakuwa aibu iwapo, baada ya zaidi ya karne moja, tutaurejesha ulikoanzia.

Kwa hivyo, mwalimu, ukiliona tangazo kama hilo, libebe darasani. Waulize wanafunzi wako: mnunuzi wa jengo hili ataingiza mitambo au makontena? Jibu ndilo litakaloamua kama masomo ya ufundi wanayoyahangaikia yatawapa kazi, au yatawafikisha tu kwenye lango lile lile, wakisubiri lori.