CHAKULA NA AFYA: Mahindi na Wenzake

Wako watu wengi wadhanio ya kuwa mtu akishiba amekula vema. Ghala ikijaa mahindi, mwenye nyumba hulala bila wasiwasi, kwa kuwa ajua watoto wake hawatalala na njaa. Lakini kushiba ni jambo moja, na kujenga mwili ni jambo jingine. Tofauti hiyo yaonekana wazi katika mkate mmoja wa nchi ya mbali, ambako mahindi yamelimwa tangu kale.

Nchi hiyo ni El Salvador, katika Amerika ya Kati, na mkate wenyewe huitwa pupusa. Wenyeji waupenda hata mwaka 2005 Bunge lao liliutangaza kuwa chakula cha taifa, likautengea siku yake, Jumapili ya pili ya mwezi wa Novemba. Mpishi hutwaa donge la mahindi yaliyosagwa na kukandwa, hulibonyeza katikati, na kutia ndani maharagwe yaliyopondwa, au jibini, au nyama ya nguruwe. Kisha hulifunga, hulipigapiga kwa viganja mpaka liwe bapa, na kulichoma juu ya bamba la moto. Huliwa kwa mkono, pamoja na kachumbari ya kabichi na karoti iliyotiwa siki.

Kwa macho ni chapati nene tu. Lakini ndani yake mna mambo matatu ya akili.

La kwanza ni chokaa. Kabla ya kusagwa, mahindi huchemshwa katika maji yenye chokaa safi ya chakula, yakaachwa humo kwa saa nyingi, kisha yakaoshwa. Katika mahindi imo vitamini iitwayo niasini, lakini sehemu yake kubwa imefungwa, wala tumbo la binadamu haliwezi kuifungua. Chokaa huifungua, tena huongeza kalisi itakiwayo na mifupa.

La pili ni maharagwe. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini na triptofani, ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharagwe yana laisini nyingi, nayo mahindi huyafaa maharagwe kwa yale yaliyopungua kwao. Urafiki huo ni wa zamani sana. Katika kijiji cha Joya de Cerén, kilichofunikwa na majivu ya volkano yapata mwaka 600 na kugunduliwa mwaka 1976, mahindi na maharagwe yalikutwa yamehifadhiwa chini ya majivu.

La tatu ni ile kachumbari. Vitamini C iliyomo katika kabichi mbichi husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, ambayo ni ya kuongeza damu.

Si kwamba mkate huo hauna kasoro. Ukijazwa jibini na nyama ya mafuta huwa mzito, na karani akaaye kitini kutwa hana haja ya kula mingi.

Basi, mahindi yalipotoka Amerika na kuenea duniani, yalisafiri peke yake. Watu walichukua mbegu, wakaiacha chokaa, na maskini wengi hawakuwa na maharagwe ya kutosha. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal wa Hispania aliandika habari za ugonjwa ulioharibu ngozi ya wakulima maskini, hasa mahali papigwapo na jua. Ugonjwa huo ni pelagra. Huanza katika ngozi, huleta kuhara, huvuruga akili, na mwisho huua. Baadaye uliua maelfu katika majimbo ya kusini ya Marekani, na wengi walidhani waambukizwa. Mwaka 1915 daktari Joseph Goldberger aliwalisha wafungwa 11 waliojitolea chakula kilichokuwa hasa cha mahindi na wanga. 6 kati yao wakaugua. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem alionyesha ya kuwa kitu kilichopungua ni niasini.

Wala haya si mambo ya ng'ambo tu. Mwaka 1990, katika kambi za wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, watu zaidi ya 17,000 walipatwa na pelagra. Unga wa mahindi walikuwa nao. Kilichokosekana ni karanga, ambazo mgawo wake ulikuwa umekatika.

Nchini Kenya, tangu mwaka 2012 sheria yataka unga wa mahindi wa pakiti utiwe vitamini na madini. Lakini mkulima apelekaye debe lake katika kinu cha kijijini huenda asipate nyongeza hiyo. Yampasa aitafute shambani mwake. Hana haja ya kujifunza kupika pupusa. Githeri yenye maharagwe mengi, sahani ya sukuma wiki, konzi ya karanga, kikombe cha maziwa au yai la mtoto, hivyo vyatosha kuyapa mahindi wenzake. Yule auzaye maharagwe yote sokoni ili abakiwe na ugali mtupu hupata fedha leo, na kesho huipeleka hospitali.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mahindi ni mgeni katika Afrika, naye ameponya wengi na njaa. Lakini mgeni huyu hafai kukaribishwa peke yake.