Rangi za Jezi na Hoja ya Mnunuzi

Iko hoja inayosikika mara kwa mara miongoni mwa watu wenye akili nzuri, na kwa kuwa waitoao wana akili nzuri, yastahili kujibiwa. Husema kwamba mapenzi ya mshabiki kwa klabu ya mpira ya Ulaya ni mapenzi ya kitambaa. Klabu, kwa maoni yao, ni kampuni. Mwenye kampuni ana haki ya kubadili rangi, jina na makao yake, kama mwenye duka awezavyo kupaka mlango wake rangi aitakayo. Wakikumbushwa historia, hucheka. Historia gani, ilhali rangi zenyewe zilipatikana kwa bahati?

Katika jambo hili la mwisho ushahidi wao ni wa kweli. Juventus ya Turin ilikuwa ikivaa fulana za waridi; mwaka 1903 Mwingereza aliyekuwa mwanachama wake aliagiza nyingine kutoka Nottingham, zikaja zenye mistari myeusi na myeupe ya Notts County. Barcelona, ambayo Wakatalani wengi huiona kuwa sauti ya taifa lao, iliasisiwa mwaka 1899 na Hans Gamper, Mswisi, pamoja na wenziwe, baadhi yao wageni kama yeye. Hata Athletic ya Bilbao, isiyochezesha ila wachezaji waliozaliwa au kulelewa kimpira katika nchi ya Wabasque, ina jina la Kiingereza. Serikali ya Franco iliamuru mwaka 1941 jina hilo ligeuzwe kuwa la Kihispania; lilirejeshwa mwaka 1972, na hakuna aliyesema wakati huo kwamba jina la kigeni halistahili kurejeshwa.

Yote hayo ni kweli, wala hayamsaidii mnunuzi. Mtoto aliyezaliwa Ijumaa akaitwa Juma hakulichagua jina lake, na siku ya kuzaliwa kwake ni bahati tupu. Walakini mtu hawezi kumjia baada ya miaka arobaini na kumwambia: jina lako lilitokana na bahati, basi tangu kesho utaitwa Khamisi. Jina limekwisha kuitikiwa. Limelilia watu na kuliliwa. Asili yake ni jambo moja, na maisha yaliyoishi ndani yake ni jambo jingine, na hoja ya mnunuzi huchanganya mambo haya mawili, pengine kwa makusudi.

Mwenye Cardiff City aliijaribu hoja hiyo mwaka 2012. Klabu hiyo ya Wales, ambayo kwa miaka mingi ilivaa buluu na kupewa lakabu ya ndege wa rangi hiyo, ilivikwa nyekundu, kwa madai kwamba nyekundu ingependwa zaidi Asia. Ikavaa nyekundu, ikashinda daraja lake, na mwaka 2013 ikapanda Ligi Kuu. Kama ushindi ungekuwa ndio kila kitu, manung'uniko yangalikoma hapo. Hayakukoma. Mwezi wa Januari 2015 klabu ilirudi katika buluu.

Aone msomaji jinsi mshabiki wa mbali alivyofanywa kisingizio. Yeye hakuomba nyekundu. Aliyeko Mombasa au Dar es Salaam akaipenda klabu ya Ulaya aliipenda kwa yale aliyoyakuta kwao, na umbali haumpunguzii haki, maana Gamper naye alitoka mbali. Yupo, ni kweli, yule ahamaye kila msimu kulifuata kombe. Huyo naye ni mnunuzi, ila ana fedha kidogo.

Salzburg haina haja ya maneno mengi: mwaka 2005 klabu ya zambarau na nyeupe ilinunuliwa na Red Bull, zambarau ikafutwa, na washabiki wakaondoka kwenda kuunda yao upya.

Lakini habari ya Wimbledon ndiyo inayoipima hoja hii hadi mwisho. Klabu hii ya kusini ya London iliasisiwa mwaka 1889, ikaingia ligi ya kulipwa mwaka 1977, na mwaka 1988 ikaifunga Liverpool bao moja kwa bila katika fainali ya Kombe la FA. Mwezi wa Mei 2002, tume ya watu watatu iliyoteuliwa na Chama cha Mpira iliamua, wawili kwa mmoja, kwamba wenye klabu wana ruhusa ya kuihamishia Milton Keynes, kilomita 90 hivi kutoka kwao. Ikaongeza kwamba washabiki kuunda klabu mpya hakungekuwa kwa faida ya mpira kwa jumla.

Mnunuzi alikuwa na hati, wachezaji na nafasi katika ligi. Washabiki walibaki na buluu, manjano na jina. Mwezi wa Juni waliita watu kufanyiwa majaribio katika mbuga ya Wimbledon, wakaanza daraja la tisa, na mwaka 2011 wakafika ligi ya kulipwa. Novemba 2020 walirejea Plough Lane, barabara iliyokuwa makao yao ya zamani.

Ushahidi ulio bora, hata hivyo, ulitoka Milton Keynes yenyewe. Mwaka 2007 klabu ya huko, iliyokuwa mrithi halali kwa kila karatasi, ilivikabidhi vikombe na kumbukumbu za Wimbledon kwa halmashauri ya Merton, ikakubali kwamba historia yake yenyewe inaanza mwaka 2004.