Kiatu Kimetolewa, Mguu Umesahauliwa



Jina la Kariakoo ni jina la wabeba mizigo. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi. Zaidi ya miaka 100 imepita, na katika mitaa ya Kongo na Msimbazi bado mtu hushusha magunia akiwa amevaa kandambili.

Wako waajiri, hasa katika majengo yanayopanda kila pembe ya Kariakoo, ambao hujitetea kwamba wao wamekwisha kuwapa vibarua wao mabuti. Basi tulitazame buti hilo kwa ndani.

Mguu mmoja wa binadamu una mifupa 26, nao umeumbwa kwa upinde unaoshuka kidogo ukikanyagiwa na kuinuka ukiondolewa uzito. Anayesimama juu ya zege kutwa nzima, mzigo mabegani, huuelemea upinde huo bila kuupumzisha. Soli ya ndani iliyofuata umbo la mguu hukishika kisigino kisiyumbe, huuegemeza upinde, na huutawanya uzito usirundikane mahali pamoja. Soli iliyo bapa kama kipande cha boksi haifanyi lolote kati ya hayo. Ndipo huja maumivu ya kisigino, sugu, magoti na kiuno. Na kwa mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo, mkunjo mdogo ndani ya kiatu waweza kuwa mwanzo wa kidonda, na kidonda kuwa mwanzo wa kukatwa mguu.

Kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama, ISO 20345, kinataka kinga ya vidole istahimili pigo la jouli 200, yaani kama kitu cha kilo 20 kinachoanguka kutoka kimo cha mita 1 hivi. Hilo ni jema. Lakini kiatu kilichouzwa na soli yake ya ndani hupimwa kikiwa nayo. Ukishindilia humo kipande cha godoro, mguu huinuka, vidole hubanwa na chuma, na ile nafasi iliyowekwa ili kuvikinga hupotea. Simlaumu fundi viatu. Yeye hutibu kwa alicho nacho. Namlaumu anayenunua katoni nzima ya namba moja, kisha akamwambia mwenye mguu mdogo avae soksi mbili.

Tunaambiwa pia kwamba mchukuzi wa sokoni hana mwajiri, kwa kuwa hulipwa kwa mzigo. Hoja hii inamfaa sana anayeitoa. Gunia lina mwenyewe, lori lina mwenyewe, ghala lina mwenyewe. Ni miguu tu iliyokosa wa kuiwajibikia? Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mwaka huo huo Yohane Paulo II alifundisha katika Laborem Exercens kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu. Nasi tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Lakini mkaguzi anayehesabu mabuti bila kuuliza kama yanawaenea wenye kuyavaa, amehesabu ngozi na mpira tu.

Kamati za Haki na Amani zianzie katika viwanja vya parokia. Mkataba wowote wa ujenzi usitiwe saini bila kifungu cha viatu vilivyopimwa kwa mguu wa kila fundi na kila kibarua, pamoja na soli ya ndani ya akiba, ili ile iliyolowa jasho ianikwe. Na waamini wenye maghala Kariakoo wawanunulie viatu wachukuzi wanaowatumia kila siku. Wanawafahamu kwa majina.