Simu Iliyopotea Njia Haitafutwi kwa Kubahatisha

Katika miaka ya swichibodi, mtu aliyetaka kupiga simu nje ya ofisi alimwomba opereta amuunganishe, na simu ilipokwenda kombo palikuwa na mtu wa kuulizwa. Siku hizi, katika ofisi, vyuo na hospitali zinazotumia simu za intaneti, kazi hiyo hufanywa na kompyuta iitwayo seva ya proksi. Kwa kawaida seva hiyo haibebi sauti za wazungumzaji. Kazi yake ni kupokea ombi la kuunganishwa, kusoma namba iliyopigwa, kuamua ombi lielekezwe wapi, kisha kulipeleka mbele. Ikikosea katika uamuzi huo, simu hupotea njia. Hapo ndipo mafundi wengi huizima seva na kuiwasha tena, au hubadili mipangilio yake kwa kubahatisha mpaka malalamiko yatulie. Mtindo huo hauna budi kuachwa, kwa sababu kosa la njia huacha alama zilizoandikwa, na alama hizo zaweza kusomwa.

Seva hizi huwasiliana kwa itifaki iitwayo SIP, ambayo toleo lake linalotumika hadi leo lilichapishwa mwaka 2002. Ujumbe wake ni maandishi ya kawaida. Kila seva inayopitiwa na ombi huongeza mstari wenye anwani yake, kama karani wa masjala agongavyo mhuri kwenye jalada linalopita mikononi mwake. Na jibu hurudi kwa kuifuata mihuri hiyo kinyumenyume. Tena ombi hupewa hesabu ya hatua, ambayo kwa kawaida ni 70, na kila seva hupunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, ombi hukataliwa kwa jibu namba 483. Kwa hiyo anayeliona jibu hilo ana sababu ya kushuku kwamba seva mbili zinarushiana ombi, kila moja ikiamini kwamba namba iliyopigwa iko kwa mwenziwe.

Majibu mengine nayo yana maana zake. Jibu 404 lasema kwamba namba haijulikani. Kwa hiyo zichunguzwe kanuni za namba na orodha ya simu zilizojiandikisha. Jibu 408 lasema kwamba muda umekwisha bila mwafaka. Hapo uchunguzwe mtandao wenyewe, anwani na vizuizi vya usalama. Fundi anayeyatibu yote mawili kwa dawa moja ni sawa na tabibu anayetoa kwinini kwa kila homa.

Lipo pia kosa linalowachanganya watu kwa kuwa simu hufika, mazungumzo yakaanza, kisha ikakatika kila mara baada ya nusu dakika hivi. Watumiaji huulaumu mtandao kuwa ni dhaifu. Lakini mtandao dhaifu hukata simu ovyo, wala haushiki saa. Simu inapopokelewa, chombo cha aliyepigiwa hutuma ujumbe wa kukubali na kungoja uthibitisho. Uthibitisho usipofika, hurudia kutuma hadi sekunde 32, yaani nusu sekunde mara 64, kisha hukata. Aghalabu sababu ni kwamba chombo hicho kimejitambulisha kwa anwani ya ndani, kama zile zinazoanza na 192.168, ambayo haifikiki kutoka nje ya jengo. Kununua intaneti yenye kasi zaidi hakutaondoa kosa hilo.

Makosa mengine huzaliwa katika kanuni za namba, na hayo ndiyo ya hatari zaidi. Ichukuliwe mfano wa hospitali ya Tanzania iliyogawa namba za ndani kuanzia 101 hadi 199, na kanuni yake ya kwanza ikawa kwamba namba yoyote ya tarakimu tatu ni ya ndani. Muuguzi atakayepiga 112 kuwaita polisi, au 114 kuwaita zimamoto, ataunganishwa na stoo ya dawa au ataambiwa kuwa namba haipo. Seva haitakuwa imeharibika, itakuwa imetii. Kosa hilo laweza kukaa miaka mingi bila kujulikana, kwa kuwa hakuna apigaye namba hizo siku ya salama.

Jambo hili si la kubuni. Mwezi Desemba 2013, katika hoteli moja ya mji wa Marshall, Texas, nchini Marekani, mtoto wa miaka 9 alipiga namba ya dharura 911 mara nne wakati mama yake akishambuliwa. Simu haikutoka, kwa sababu mtambo wa hoteli ulitaka kwanza ibonyezwe 9 ya kupata laini ya nje. Mama huyo alifariki. Sheria ya kukomesha utaratibu huo ilitiwa saini mwezi Februari 2018, na mitambo mipya ikafungwa nayo kuanzia Februari 2020. Funzo lake lahusu kila mtambo wenye kanuni za namba, uwe wa waya au wa intaneti.

Wapo watakaosema kwamba uchunguzi wa namna hii wahitaji wataalamu adimu. Hoja hiyo haina uzito mkubwa, maana programu za kunasa na kuonyesha ujumbe, kama vile Wireshark na sngrep, hupatikana bure. Wengine watahofia siri za wapigaji, na hofu hiyo ni ya haki. Kuisoma njia ya simu hakuhitaji kusikiliza maneno ya mtu, lakini hudhihirisha nani alimpigia nani. Kwa hiyo kumbukumbu hizo zihifadhiwe kwa muda maalumu na zionwe na wachache.

Kila taasisi yenye seva ya namna hii yapasa iwe na mpango wa namba ulioandikwa. Fundi naye anase ujumbe kabla ya kugusa mipangilio, na kila kanuni zibadilishwapo namba za dharura zijaribiwe kwa mapatano na wahusika. Vyuo vinavyofundisha mafundi wa mitandao viwafundishe wanafunzi kuusoma ujumbe wa simu mstari kwa mstari kabla ya kuwafundisha kuendesha mtambo wa kampuni fulani, kwa maana mitambo hubadilika kila mara, ilhali itifaki yenyewe imedumu tangu 2002.