Pensheni ya franka, maisha ya dola

Wandugu, kuna watu wanatuuliza: ninyi vijana hata kazi hamuna, pensheni inawahusu nini? Inatuhusu sana. Katika manyumba mengi ya Goma, Bukavu, Bunia na Lubumbashi, pensheni ya koko ndiyo pesa peke yake inayoingia kila mwezi, kama inaingia. Sisi wenye diplome tunakula juu ya mgongo wa mzee wa miaka 70. Ni haya, lakini hiyo haya si yetu peke yetu.

Tufanye hesabu. Tuseme mzee anapata franka 200.000 kwa mwezi, ni mfano tu. Mwanzo wa 2016 dola moja ilikuwa chini ya franka 1.000, kwa hiyo alikuwa na zaidi ya dola 200 mu mfuko. Mwaka 2024 dola ikafika 2.800. Karatasi ni zile zile, hakuna aliyemuibia usiku, lakini mwaka ule alibaki na dola 71. Mwenye nyumba naye anataka dola. Dawa ya tansio inatoka inje, mafuta na mchele vilevile. Mwisho wa 2025 franka ikapata nguvu, tukaambiwa tufurahi. Dola ilishuka kweli. Muulize mama wa ku soko kama unga ilishuka nayo.

Na pensheni si sadaka ya leta. Chini ya sheria ya 2016 mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri analipa 13, pesa inaenda CNSS. Yule mzee alikatwa miaka 30, alikubali, juu ya ahadi. Wafanyakazi wa leta wamewekewa CNSSAP yao tangu 2015, ahadi ni ile ile.

Wazee wetu wanaijua hii mchezo kuliko sisi. Mwaka 1993 zaire milioni 3 ziligeuzwa kuwa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100.000 zikawa franka 1. Pigeni hesabu wenyewe: zaire bilioni 300 za zamani kwa franka moja! Aliyeanza kazi mu miaka ya 70 aliona jasho lake likiyeyuka mara mbili akiwa angali na nguvu, na sasa mara ya tatu akiwa na fimbo mu mkono.

Wakubwa watasema hakuna pesa. Lakini Julai 2018 walipata wakati wa kuandika sheria nzima ya marais wa zamani, na pensheni yao ya pekee ndani. Basi kuandika wanajua.

Na njia iko, hata si ngumu. Mshahara wa chini kabisa, ule SMIG, ulikuwa franka 7.075 kwa siku tangu 2018. Mwaka 2025 ukapandishwa hadi 14.500. Vizuri, serikali yenyewe imekiri kwamba bei za leo si za 2018. Lakini pensheni ilihesabiwa juu ya mishahara ya zamani. Maisha yalipanda kwa anayefanya kazi tu? Mzee ananunua ku soko gani?

Tunadai hivi: siku SMIG inapandishwa, pensheni ipandishwe siku ile ile, kwa kipimo kile kile, bila mzee kuandika barua wala kupanga mustari. Iandikwe mu sheria, isingojee huruma ya waziri. (Ku Goma na Bukavu, ambako banki zilifungwa mwanzo wa 2025 vita ilipoingia, kuifikia hata hiyo pesa kidogo ni taabu ingine. Tutaiandikia peke yake.)

Kila mwenye mzee wa retreti ndani ya nyumba amuulize leo: pensheni yako iliongezwa mara ya mwisho mwaka gani? Mutuandikie jibu, mji, na kazi aliyokuwa anafanya. Jina muache. Tutayapeleka majibu yote kwa wabunge wetu, mmoja mmoja, na tutatangaza nani alifungua mlango na nani alijifungia.