Kibaba Kikijaa Kitosheke

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Hata hivyo, kibaba kikishajaa, nafaka ya ziada humwagika. Ndivyo ilivyo katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotolewa Marekani mwaka 1974. Wachezaji huvaa nafsi za mashujaa wa kubuni, na dadu huamua kama pigo limempata adui.

Katika toleo la mwaka 2014, shujaa aliye na faida, mathalani adui asipomwona, hurusha dadu mbili zenye pande 20 na kuchukua namba kubwa. Akihitaji 11 au zaidi, uwezekano wake hupanda kutoka asilimia 50 hadi 75. Akipata faida nyingine tatu, haongezewi dadu hata moja.

Wapo wanaolalamika kwamba kanuni hii humdhulumu mchezaji hodari. Sikubaliani nao. Dadu tano zingempa takriban asilimia 97. Vita vingekwisha kabla ya kuanza, na wenzake wangebaki watazamaji.

Walimu wa hisabati, hapa pana somo la uwezekano. Nanyi wanafunzi, jueni kuwa ushindi usio na shaka hauna utamu.